Gunia la Kuku na Gunia la Ng'ombe

Tarehe 3, mwezi wa pili

Mke mwenzangu,

Hujambo? Na mume wetu hajambo? Mwambie mke mkubwa anamsalimu, na bado ana meno ya kumng'ata akikutesa. Mimi sijambo. Ng'ombe hajambo. Mbuzi nao hawajambo, ila yule wa pembe moja amekula kitambaa changu cha kichwa, kile cha kutokea, na sasa anatembea na uzi mdomoni kama msusi. Kuku ni wengi kuliko akili zao.

Anayeandika ni jirani yetu Fundi, kama siku zote. Mimi nasema, Fundi anaandika, cherehani imepumzika. Nimempa sharti: aandike nilivyosema, asinishonee maneno. Amecheka. Tutaona.

Ile homa iliyonishika mwezi uliopita imekwisha. Ilinilaza, ikaniamsha, tumemalizana. Usiniulize tena habari zake.

Sasa neno lenyewe. Mjomba wako alikuja Jumapili na mkewe. Walikaa, wakanywa chai, wakanitazama kama watu wanaopima nguo ya mtumba. Nikajua kuna jambo. Mjomba wako tangu utoto akiwa na jambo husugua goti, na siku hiyo alisugua mpaka nikaihurumia suruali. Ndipo akasema, "Mama, njoo ukae kwetu mjini. Chumba kipo. Umechoka." Nikamuuliza nani kamwambia nimechoka. Akasema bustani ya msimu uliopita ilikuwa haba. Kweli ilikuwa haba. Mvua ilikatika. Mimi nimemzaa yeye, sikuizaa mvua.

Hicho chumba nakijua. Sakafu ina vigae, ukutani kuna picha ya maporomoko ya maji, na nje ni saruji mpaka langoni. Hata pa kutupa ganda la ndizi hakuna, sembuse pa kuchimba. Watanipa kiti dirishani nitazame magari yakipita, na mkewe ataniletea uji akiniuliza kwa sauti kubwa kama nimeshiba.

Nikakataa. Akahamia goti la pili. Mwisho tukaelewana hivi, mkewe akiwa shahidi: msimu huu nalima bustani yangu kwa mkono wangu. Ikistawi, nabaki hapa na hataniuliza tena. Ikinishinda, nafunga virago na ng'ombe anauzwa.

Basi nalima. Mavi ninayo ya kutosha. Hapo Fundi ameandika "samadi." Sijui kusoma lakini macho ninayo, kalamu imekwenda mbali kuliko neno nililolisema. Nimesema mavi, na nimemfanya afute. Yametoka kwa ng'ombe, hayakutoka dukani.

Na wewe lini unakuja? Ulisema baada ya mwaka mpya. Mwaka umeshakuwa mkuukuu.

Bibi yako.


Tarehe 26, mwezi wa pili

Bibi, mke mwenzangu mkubwa,

Shikamoo. Barua yako ililetwa na basi la Alhamisi, bahasha ina duara la kikombe cha chai, nikajua hapo ndipo Fundi alipokuwa anapumzisha mkono. Mpe salamu zangu.

Sisi hatujambo. Mume wetu anasema meno yako anayaheshimu. Kazi hapa kwenye shamba la maziwa ni ileile ya kukamua: tunaamka alfajiri, tunaosha viwele, tunakamua, tunaosha madebe, na ukimaliza ng'ombe wa mwisho yule wa kwanza ameshajaza tena. Nina mafua kidogo yasiyotaka kuondoka, lakini si kitu.

Habari ya Mjomba nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua nikaisoma tena. Sitaki uende, Bibi. Nasema wazi. Hapo kwako ndipo mahali pekee duniani ninapojua kila kitu kinawekwa wapi. Ukienda mjini, mimi nikisema "nyumbani" nitakuwa nasema wapi?

Sasa cheka, maana nimekuletea kichekesho. Nyuma ya nyumba za wafanyakazi tumepewa kipande cha ardhi. Na samadi hapa si ya kutafuta, ni ya kukimbia. Nyuma ya banda la kukamulia kuna kilima chake. Nikasema mjukuu wa bibi yangu hawezi kulala njaa juu ya utajiri huu. Nikapakia kwenye toroli, ingali inatoa mvuke, nikawamwagia miche yangu ya nyanya, kila mche blanketi lake. Niliona nawapenda. Kabla wiki haijaisha majani yalianza kukunjika, yakawa ya kahawia pembeni kama karatasi iliyopitishwa juu ya jiko. Mume wetu akasema tumezizika nyanya kabla hazijaugua.

Nimekulia mgongoni mwako na zizini mwako, Bibi, na sikuwahi kutazama unafanyaje. Nakumbuka kitu kimoja tu: unachota konzi, unanusa, unasema "bado." Siku nyingine unachota, unanusa, unasema "tayari." Hukuniambia ulikuwa unanusa nini. Niambie.

Mjukuu wako.


Tarehe 12, mwezi wa tatu

Mke mwenzangu muuaji wa nyanya,

Hujambo? Nimecheka mpaka Fundi akaacha kusoma akaniletea maji. Mume wetu hajambo? Mwambie amesema kweli, mlizizika. Hapa sote wazima. Ng'ombe anakula, kuku wanagombana, yule mbuzi wa pembe moja nimemfunga kamba na bado ananitazama kama mimi ndiye mwizi.

Sasa sikiliza, na usijifanye unajua.

Mavi mabichi ni kama mtu mwenye hasira. Ana nguvu, ndiyo, lakini usimpe mtoto wako ambebe. Mwache kwanza apoe. Tafuta mahali penye kivuli, pasipotuama maji. Panga tabaka la mavi, tabaka la majani makavu au mabua, tabaka la mavi, hivyo hivyo, mpaka lundo likufike kifuani. Funika kwa nyasi, mvua isiliibie. Chomeka mti mrefu katikati. Baada ya siku chache uchomoe uushike. Utakuta una moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Vizuri, linapika. Ukiona linaanza kupoa, geuza: ya ndani yatoke nje, ya nje yaingie ndani. Likiwa kavu lipe maji, liwe kama nguo uliyoikamua, si zaidi. Geuza tena, na tena. Siku mti utakapotoka baridi na wewe hujui tena lipi lilikuwa jani na lipi lilikuwa mavi, hapo limeiva.

Usimwage juu juu ukaenda zako, jua litakula nusu na mvua itabeba nusu. Tia konzi kwenye shimo, changanya na udongo siku hiyo hiyo, ndipo upande. Konzi, nimesema. Si blanketi. Chakula kikizidi hata kwa mtoto ni ugonjwa. Na ukiona wingu zito limekaa juu ya kilima, weka sepetu chini, kesho ipo.

Mavi ya kuku ni mengine kabisa. Hayo ni pilipili. Mimi huyaweka kwenye gunia lake, chini ya upenu, kando ya gunia la mavi ya ng'ombe yaliyoiva. Magunia yanafanana kama mapacha, lakini sijawahi kukosea, pua ilikuwa inanitosha.

Umeuliza nilikuwa nanusa nini. Mavi mabichi yanachoma pua mpaka machozi. Yaliyoiva hayanuki mavi. Yananuka ardhi iliyopata mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu. Naikumbuka vizuri harufu hiyo. Wewe nusa uniambie imefikia wapi, unieleze vizuri, usinikatishe.

Na hicho kilima chenu nyuma ya banda, maji yake yanaelekea wapi mvua ikinyesha? Angalia. Mavi na maji ya kunywa hawaoani, wakikutana anayezikwa ni mtoto wa mtu.

Fundi aliandika samadi kila mahali, nikamfanya afute. Ananiambia barua ni kitu cha heshima. Nimemwambia heshima yake aipeleke kwenye vifungo.

Hujajibu lini unakuja.

Bibi yako.


Tarehe 6, mwezi wa nne

Bibi yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya lundo. Lipo, lina urefu wa kifua cha mume wetu, si changu, kwa sababu yeye ndiye anayeligeuza. Mti tuliuchomoa wiki iliyopita ukamfanya aruke. Amekwenda kuwaonyesha wenzake wote, sasa kila jioni kuna mtu anakuja kushika mti wetu kama anapima homa.

Maji ya kilima niliyafuata kama ulivyosema. Yanashuka moja kwa moja kwenye kijito, na chini kidogo kuna akina mama wanachota. Nikaenda kwa msimamizi wetu. Akasema yamekuwa yakishuka hivyo tangu aajiriwe. Nikamuuliza kama naye hunywa maji ya kijito kile. Akaenda kuyaona kwa macho yake, akarudi viatu vimelowa. Siku ya pili watu walichimba mtaro kukata njia ya maji, na kilima kinahamishwa upande wa pili, penye tambarare. Wakulima wa jirani wameanza kuja na mikokoteni kuchukua. Msimamizi anatembea kama wazo lilikuwa lake. Nimemwachia.

Jambo la kunusa tu ndilo limenishinda. Nikikaribia lundo, tumbo linageuka lenyewe. Hata maziwa ya moto sasa siyawezi. Ni haya mafua.

Mchicha wako unaendeleaje? Ulisema ungepanda matuta yote ya mbele. Umeshachipua?

Mjukuu wako.


Tarehe 25, mwezi wa nne

Mjukuu wangu,

Hatujambo hapa. Natumai hamjambo.

Mchicha uliota, ukaungua. Jua kali. Nitapanda tena.

Umefanya vizuri habari ya kijito. Mjomba wako amesema atakuja kuangalia bustani mwezi wa nane.

Fundi anakusalimu.

Bibi yako.


Tarehe 5, mwezi wa tano

Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimeigeuza nyuma na mbele nikitafuta iliyobaki.

Hukumtaja mbuzi. Hukugombana na Fundi. Hukumsalimu mume wetu. Hukuniuliza lini nakuja. Na umesema jua. Bibi, mimi nimekulia kwako, sijawahi kukusikia ukilisingizia jua. Wewe ndiye uliyekuwa unasema jua halina mkono wa kushika jembe. Huku mwezi wa nne ulikuwa wa mawingu, na dereva wa basi ananiambia huko kwenu pia.

Majani yaliungua vipi? Yalianza pembeni, yakawa kama karatasi iliyopitishwa juu ya jiko? Maana hayo nimeyaona, nilikuandikia mwenyewe.

Fundi, wewe unayesoma, unisamehe, si kwamba sikuamini. Lakini Bibi, kama kuna neno ambalo hutaki lipite kwenye mdomo wa mtu mwingine, unakumbuka nilipokuwa darasa la kwanza, nikirudi nakufundisha herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa zizi? Ulisema unanifurahisha tu. Lakini ulikuwa unazipata. Mkaa haujaisha duniani.

Nakupenda. Nasubiri.

Mjukuu wako.


MWEZI WA TANO

MKE MWENZA

NAANDIKA MIMI. MKONO UNAUMA

PUA IMEKUFA. TANGU ILE HOMA. SISIKII HARUFU YA KITU. HATA MOSHI

NILIMWAGA GUNIA LA KUKU NIKAZANI LA NGOMBE. SI JUA. NI MIMI

FUNDI HAJUI. MJOMBA HAJUI. AKIJUA ATASEMA SIONI SISIKII NIMEKWISHA

USISEME

MBUZI HAJAMBO


Tarehe 27, mwezi wa tano

Bibi yangu, mke mwenzangu, mwalimu wangu,

Shikamoo. Nilipata habari za mbuzi nikafurahi sana. Nimeziweka chini ya mto wangu. Fundi, msomee Bibi hapo mara mbili, anajua maana ya mbuzi huyo kwangu.

Sasa nikueleze mambo ya huku, maana nimepata shida na mume wetu ameniponya.

Nilikwambia siwezi kunusa lundo. Likawa linapoa, na mimi sijui kama limeiva au limechoka tu kwa kukosa maji. Nikakaa nje nalia, ndiyo, nililia, siku hizi nalia hata nikiona ndoo imeinama. Nikamwambia mume wetu, bila pua ya Bibi mimi si mkulima. Akafikiri. Yeye akifikiri hukuna sikio. Akasema, "Kwa nini tuiulize pua? Anayekwenda kuishi humo ni mbegu. Tuiulize mbegu."

Akachukua makopo mawili ya maziwa, akayatoboa chini. Moja akatia udongo mtupu. La pili akatia udongo nusu na samadi yetu nusu. Kila kopo maharage machache, maji kidogo, likae palipo na mwanga. Tukangoja. Kwenye udongo mtupu yaliota. Kwenye samadi moja lilichungulia, likawa la njano, likafa. Akasema, "Bado," kwa sauti yako kabisa. Tukageuza lundo, tukalipa maji, tukaliacha. Tulipojaribu tena, makopo yote mawili yaliota sawasawa, ya samadi yakiwa na shingo nene zaidi. Ndipo tukapanda, na nyanya sasa zimesimama kama askari wa zamu.

Kwa hiyo hapa kwetu hatunusi tena. Tunashika mti, tunatazama kama majani yamepotea, tunauliza makopo. Na magunia tumeyaandika kwa mkaa, kubwa kabisa, kila gunia na jina la mwenye nalo, ng'ombe au kuku. Mtu akiwa na mafua asikosee.

Nimeona nikueleze tu, huenda wewe huhitaji.

Mjukuu wako.


Tarehe 2, mwezi wa saba

Mke mwenzangu,

Hujambo? Najua hujambo, najua kuliko unavyojua wewe. Mume wetu hajambo? Mwambie sikio lake lina akili, aendelee kulikuna.

Nianze na wewe. Mtoto aliyezaliwa nyuma ya zizi, aliyenyonya huku ng'ombe akimpumulia shingoni, leo ananukiwa na maziwa ya moto anageuka tumbo, analia akiona ndoo imeinama, na ananiambia ni mafua. Mafua ya tangu mwezi wa pili. Nimezaa mimi. Nimezalisha majirani. Hayo mafua yana miguu, na yatatoka mwezi wa tisa. Ulikuwa unangoja nini kuniambia? Unaogopa nitafurahi? Fundi anacheka hapa, wino unatikisika.

Ndiyo maana ulikuwa hujibu lini unakuja. Sasa siulizi tena, nasema: utakuja kujifungulia hapa. Chumba cha mama yako kipo, na dirisha lake bado linafunguka kwa kusukumwa na bega.

Sasa la makopo. Niliyapanga dirishani jikoni. Kopo la kwanza lilikufa, nikasema bado. Nikageuza lundo kwa siku nyingi, kidogo kidogo, mgongo nao una maneno yake. Kopo la pili likaota nusu. La tatu likajaa maharage kama watu kwenye harusi. Nikapanda matuta yote ya mbele, konzi kwa shimo.

Halafu Fundi. Ngoja nieleze, na Fundi aandike kila neno hata likimgusa. Siku ile alipomaliza kunisomea barua yako ya makopo, alivua miwani akaifuta. Akaniuliza, "Bibi, haya makopo ni ya nani hasa?" Nikasema ya mke mwenzangu, hukusikia? Akasema, "Bibi, tangu mwezi wa pili unaniletea mchicha wa kando ya jiko ndani ya kikapu ulichobebea mavi ya kuku. Naosha mara tatu kabla sijaupika. Mtu mwenye pua angenipa kikapu kile huku ananichekea?"

Nikasema, kwa nini hukuniambia? Akasema, "Nilijua ukitaka kusema utasema. Na mchicha ulikuwa mtamu."

Miezi yote hiyo, mke mwenzangu. Mimi namficha Fundi, Fundi ananificha mimi kwamba sijafichika. Na hakumwambia mtu hata mmoja sokoni, huyu ambaye akinipima kiuno tu mtaa mzima unajua kipimo changu.

Nilimwambia kula mboga ya kikapu kile ni kutafuta ugonjwa, afadhali angenitukana mapema. Sasa vikapu ni viwili, cha mboga kina utepe mwekundu alioushona mwenyewe. Nami nanawa mikono mpaka viwiko.

Na uone hapo juu. Ameandika mavi bila kulazimishwa. Nimetazama, kalamu imesimama mahali pake.

Bibi yako.

Mimi Fundi naongeza: nimeandika kwa sababu niliyanukuu maneno yangu mwenyewe. Samadi ni samadi. Hongera sana, mama kijacho.


Tarehe 16, mwezi wa nane

Mke mwenzangu,

Hujambo. Mume wetu hajambo.

Leo naandika mimi. Fundi amekaa pale anashona, nikikwama herufi namuuliza, anajibu bila kuacha cherehani. Kwa hiyo maneno ni machache. Usinicheke.

Mjomba wako alikuja jana. Alikuja na gari la mizigo la rafiki yake. Tupu. Kamba zipo tayari. Mkewe alileta maboksi.

Nikampeleka bustanini. Mchicha umenifika magotini. Biringanya zimeshika. Maboga yamepanda ukuta wa zizi yamefunika herufi zako.

Alitembea tuta moja moja. Hakusugua goti.

Akafika chini ya upenu. Magunia yapo pale mawili. Nimeyaandika kwa mkaa. Moja, MAVI YA NG'OMBE. Fundi alinionyesha kile kialama cha juu. La pili, MAVI YA KUKU. Mjomba wako akasoma kwa sauti, mkewe akashika mdomo.

Akasema, Mama, nani ameandika?

Nikasema, mimi.

Akasema, nani amekufundisha?

Nikasema, mke mwenzangu. Nikamwambia ukweli wote, pua haifanyi kazi tangu homa, ndiyo maana magunia yana majina. Nikamwonyesha makopo. Nikamwonyesha vikapu. Alikaa juu ya ndoo. Nikadhani sasa atasema maneno ya chumba.

Akasema, "Mama, mimi pua ninayo na nisingejua lipi ni lipi."

Mkewe akauliza kama naweza kumpa kidogo, ana maua kwenye vyungu pale kwenye saruji, yanakufa kila mwaka. Basi. Gari lililokuja kunibeba mimi limebeba gunia. Nimemwambia konzi moja, achanganye na udongo, anawe mikono. Nimempa la ng'ombe. La kuku hajafikia.

Sasa wewe. Njoo mapema, barabara ina mashimo. Chumba cha mama yako nimekifagia. Dirisha nimelipaka mafuta, halihitaji tena bega. Mbuzi nimemwambia.

Wanasema mtoto mchanga kichwa chake kina harufu. Ya mama yako naikumbuka. Ya huyu utanusa wewe, utaniambia. Nitakaa karibu. Unieleze vizuri, usinikatishe.

Bibi yako, kwa mkono wake.